Nyasi ya Bonde la Kakontwe

Watu wa Likasi ukiwaonyesha jani wasilolijua, hawakuulizi kama linaliwa. Wanakuuliza kuna nini chini yake. Ndiyo akili ya mji uliozaliwa na shimo. Mtoto hajajua kufunga kamba za viatu, tayari anajua kwamba lile ua dogo la zambarau linaloota mlimani pasipo miti ni ua la mukuba, yaani shaba, na kwamba penye ua lile kuna waliotajirika na kuna waliofukiwa. Kwa hiyo asubuhi ile Mama Alphonsine alipoinua kichwa kutoka kwenye matuta yake ya lengalenga, mchicha wa huko, akaona wanaume wamesimama kando ya barabara ya Kakontwe, mikono kiunoni, wakilitazama bonde lake, hakuhitaji kuambiwa wamefuata nini. Walikuwa wakitazama nyasi.

Nyasi yenyewe ilikuja na mvua za mwaka ule. Ilianzia kwenye mdomo wa kalvati, pale maji ya barabara yanapomwagikia bondeni, ikashuka na tope mpaka tuta lake la mwisho. Ilikuwa ndefu kumpita mtu, bua lake jekundu kama la muwa, majani makali ya kukata kidole, na kichwani shuke zito lililoinama. Shina lake karibu na matope lilikuwa na ukijani fulani ambao mtu mwenye njaa ya malakiti, lile jiwe la kijani la shaba, angeweza kuuita malakiti. Alphonsine alikuwa ameing'oa, ikarudi. Akaing'oa tena, ikarudi na ndugu zake. Hakuijua, wala hakujisumbua kuijua. Aliichukia tu, jinsi mkulima anavyochukia kila kitu kinachokula mbolea bila kualikwa.

Aliyeongoza wale wanaume alikuwa Samy, mkubwa wa kikundi cha wachimbaji, na pia shemasi katika kanisa moja la maombi. Mtu wa sauti nene, mwenye kusali kabla ya kila kitu, hata kabla ya kugombana.

"Jambo, Mama Alphonsine!"

"Jambo sana, Papa Samy."

"Hii majani yako ilitoka wapi?"

"Haiko yangu. Iliota yenyewe."

"Iliota yenyewe," Samy akarudia, akawageukia wenzake, nao wakatikisa vichwa kama watu waliosomewa andiko. "Kintu chenye kujiotea chenyewe ndani ya maji ya barabara, haukuona kama ni alama? Endeni mumuite Papa Germain."

Hapo Alphonsine akaacha matuta yake akasogea, kwa maana Papa Germain alikuwa mume wake.

Zamani, kampuni ya madini ilipokuwa bado na nguvu, Germain alibeba mifuko ya mawe nyuma ya wazungu na wasomi waliokuwa wakitafuta shaba vilimani. Alikaa nao sana hata akajua kulisoma ua la mukuba. Kisha kazi ikaisha, pensheni haikuja, na yule aliyekuwa akiitwa "chef", yaani mkubwa, akageuka kuitwa "bwana wa Mama Alphonsine". Mkewe ndiye aliyemlisha, kwa bonde lile lile. Alikuwa akiketi mbele ya nyumba na redio isiyo na betri.

Sasa alikuja upesi mno, amevaa koti. Nani huvaa koti kwenda kutazama majani? Akateremka bondeni, wanaume wakampisha. Akaizunguka nyasi. Akang'oa shina moja, akapangusa tope, akauma mzizi, akatema. Alphonsine alimkazia macho: sema hapana, baba, sema neno hilo moja tu, uende zako nyumbani. Maana kila mtu alijua sheria ya pale. Shamba la bondeni halina hati. Mkuu wa mtaa hukuruhusu kulima kwa mdomo, na siku madini yakionekana, mdomo ule ule hukuondoa.

Germain alimtazama mkewe. Kisha akawatazama wale wanaume waliokuwa wakimngojea.

"Mukuba," alisema.

Wakapiga makofi. Samy akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwita chef. Kisha akamgeukia mwenye shamba, kwa upole kabisa, upole wa mtu aliyekwisha kushinda: "Mama, siku ya Kwanza tunaingia. Toa mboga yako mbele ya ile siku."

* * *

"Uliona wapi ile majani?" Alphonsine alimuuliza mumewe walipofika nyumbani. Hakungoja hata avue koti.

"Kuko mingi hauijui."

"Nimekuuliza wapi. Kambove? Fungurume? Wapi?"

"Alphonsine, ile ni mambo ya ufundi."

"Ufundi gani? Weye mwenyewe ulinifundisha: ua ya mukuba inaota kwa mulima, pakavu, miti inakimbia. Hii inakaa ndani ya maji sawa chura. Germain, niangalie. Uliijua ao haukuijua?"

Germain akaketi. Akafungua kifungo kimoja cha koti, akakifunga tena.

"Bantu walisimama pale," alisema, "wanaume wazima, bananingojea minye. Minye! Unajua ni tangu wakati gani muntu ananingojea kintu?"

Alphonsine alimhurumia. Alimhurumia kwelikweli, na huruma ile ikamzidishia hasira, kwa sababu ni vigumu kumpiga mtu kwa maneno huku unamhurumia.

"Basi kesho enda useme haujui. Useme ulitazama vibaya."

"Mate nilishatema, nirudi kuyalamba?"

"Na tutakula nini?"

"Samy atatupatia sehemu. Alisema minye njo nitakuwa mushauri wa shimo."

"Mushauri wa shimo," alisema Alphonsine. Akachukua ndoo akatoka, maana kama angebaki mle ndani angesema neno ambalo wanandoa hawalisahau.

* * *

Siku iliyofuata aling'oa bua moja zima, shuke na mizizi, akalifunga katika kitambaa chenye maji kama mtu anayempeleka mgonjwa hospitali, akaenda mjini kumtafuta afisa wa kilimo. Kama mtu wa serikali angesema hii ni nyasi fulani, ina jina fulani, haina uhusiano na shaba, basi hata Samy angelazimika kusikia.

Walimweka kwenye benchi. Msichana wa mapokezi aliitazama miguu yake yenye tope la bondeni, akainuka bila kusema neno, akaleta gazeti la zamani, akalitandika chini ya ile miguu. Alphonsine akaishikilia nyasi yake magotini. Watu waliovaa viatu waliingia wakimpita, wengine wakamkuta pale, wakatoka wakamwacha pale. Hakuinua miguu kutoka kwenye gazeti hata mara moja. Aliona haya, na aliona hasira kwamba ameona haya.

Afisa mwenyewe alikuwa kijana mwenye miwani, si mtu mbaya. Alilichukua lile bua, akaligeuza huku na huku, akapasua ganda la jani, akachungulia.

"Ni graminée, jamaa ya nyasi," alisema.

"Ndiyo, mon fils. Lakini gani?"

"Sijui, mama."

Aliligusa lile shuke tena, akatikisa kichwa. "Sijui kabisa. Minye nilisoma mahindi. Hii ni ya pori, ya mahali pa maji, na haiko ya hapa kwetu. Inatakiwa kuipeleka Lubumbashi, kule kwa chuo, batatazama ua yake na bitabu."

Alphonsine alimkodolea macho. Kijana mzima, mwenye meza, mwenye cheti ukutani, amesema "sijui" mara mbili mfululizo na paa halijaanguka! Neno jepesi hivyo. Mume wake angeweza kulisema pale bondeni na wote wangeenda nyumbani kunywa chai.

"Basi niandikie kama haiko majani ya mukuba."

"Mama, nitaandika je kintu sijui?"

Alikuwa na haki, na haki yake haikumsaidia mtu. Alphonsine akamshukuru, akafunga nyasi yake, akakunja lile gazeti lenye alama za miguu yake, akamrudishia msichana mkononi. Msichana alilipokea kwa vidole viwili.

* * *

Alirudi kwa miguu. Alipokaribia kalvati alipita mbele ya meza ya Mwadi, mwanamke wa Bukama aliyekuwa akiuza samaki wakavu hapo juu, kando ya barabara. Hawakuwa marafiki wala maadui, walikuwa wakisalimiana. Mwadi alikuwa akifungua mzigo ulioshuka na treni, akitoa samaki mmoja mmoja, akiwapangusa.

"Mama Alphonsine! Juu ya nini unatembeza takataka yangu?"

"Takataka gani?"

"Si hiyo umebeba? Hii njo tunafungia samaki." Mwadi akachomoa kutoka kwenye mzigo wake kitita cha nyasi kavu, akakirusha mezani. Bua jekundu lililofifia. Majani makali. Shuke zito, lililobondeka, likimwaga mbegu. "Kwetu Bukama iko mingi mupaka mitumbwi inapotea ndani. Ng'ombe anakula, muvuvi anafungia samaki, bamama ba zamani banaichoma, majivu yake inatoa chumvi. Umeitoa wapi ikiwa mubichi namna hii?"

"Bondeni kwangu. Banasema ni majani ya mukuba."

Mwadi akacheka mpaka akashika meza. "Mukuba! Kwetu mukuba ya wapi? Kwetu ni tope na maji. Hata jiwe ya kusagia pilipili tunanunua!"

Kisha kicheko kikamkauka. Alikuwa ametazama nyuma ya meza yake, chini ya mteremko, pale ambapo kila alipofungua mzigo alizoea kutupa vifungashio. Kulikuwa na lundo la majani makavu, limetota mvua, likichuruzika polepole kuelekea mdomo wa kalvati. Alphonsine naye akatazama. Hakuna aliyehitaji kumweleza mwenzake.

"Minye sikusema kintu," alisema Mwadi.

"Umesema, dada. Siku ya Kwanza banang'oa shamba yangu. Kuya uwaambie vile umeniambia."

"Niwaambie majani yangu njo imewadanganya? Samy iko na bantu, Mama Alphonsine. Minye niko mugeni hapa, niko na meza moja tu. Baipindue, nirudi Bukama na nini?"

Alphonsine alisihi. Alisihi mpaka akajisikia akisihi, akaacha. Mwishowe Mwadi akakifunga kile kitita kikavu ndani ya gazeti la samaki, akamsukumia kifuani.

"Kamata. Onyesha. Lakini jina yangu, usiitaje."

* * *

Ile siku ya Kwanza, yaani Jumatatu, walikuja na sururu, beleshi na ndoo. Samy alikuwa akiongoza wimbo. Germain alisimama juu ya tuta la kwanza, amevaa kofia ngumu ya kampuni, ile nyeupe ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikiwekewa mayai. Wote walipofumba macho kusali, Alphonsine alipita katikati yao, akapiga magoti, akalaza bua bichi la bondeni juu ya ardhi, na pembeni yake akalaza bua kavu la Bukama.

Wakafumbua macho.

"Angalieni," alisema. "Hii ni ya hapa. Hii ilifungia samaki, ilitoka Bukama na treni. Hapana mukuba. Mbegu ilianguka kule juu, maji ikaileta. Angalieni na macho yenu."

Wakaangalia. Waliinama mmoja mmoja. Wengine walilipima shuke kwa shuke, jani kwa jani.

"Kweli inafanana," alisema mmoja, kijana mmoja mrefu aitwaye Cédrick.

Samy akamgeukia Germain, si kwa ubaya: "Papa Germain, mama anasema haukuijua. Ni vile?"

Alphonsine hakuwahi kumtaka mume wake kama alivyomtaka dakika ile. Si kwa mapenzi. Alimtaka awe mtu mzima. Germain alishuka kutoka kwenye tuta. Akaokota mabua mawili, akayainua kwenye mwanga, akayaweka pamoja.

"Ni moja," alisema. "Mama hakudanganya. Hii na hii ni moja kabisa."

Pumzi ikamtoka Alphonsine. Karibu atabasamu.

"Basi munaona?" Germain akaendelea, na sauti ikampanda, akaisawazisha kofia. "Kumbe hata Bukama kuko mukuba! Na bantu ya kule bamelala tu juu yake, banakula samaki!"

Walicheka, jamani. Walicheka wakapigana mabega. Mtu akapaza sauti, "Professeur!" Samy mwenyewe akamsaidia Alphonsine kuinuka, akampangusa magoti kama mtoto aliyeanguka, na huku angali anampangusa, sururu ya kwanza ikaingia kwenye lengalenga.

Ningependa kuwaambia kwamba Germain hakutazama. Alitazama. Alionyesha kwa kidole mahali pa kuchimba.

* * *

Chini ya matuta ya Mama Alphonsine palikuwa na tope jeusi, na chini ya tope jeusi palikuwa na tope la kijivu, na chini ya tope la kijivu palikuwa na maji. Walichota maji kwa ndoo, yakarudi. Walikodi mashine ya kuvuta maji, ikavuta siku nzima, asubuhi yakawa yamerudi. Kila jioni Samy alimuuliza Germain, na kila jioni Germain alisema bado kidogo, mukuba iko karibu, ananusa. Kufikia Alhamisi walikuwa hawamwiti chef. Ijumaa ukingo wa shimo ulianguka, ukamvunja Cédrick mguu. Walimtoa akipiga kelele, mfupa unaonekana.

Mtu akipoteza, hutafuta wa kumrushia. Jioni ile ile maneno yakaanza. Si mliona siku ya kwanza yule mama aliweka majani chini? Aliyaweka kabla hatujasema amina! Jumamosi asubuhi majani yale hayakuwa tena yamelazwa kando kwa kando, yalikuwa yamepishanishwa msalaba. Mchana alikuwa ameyatemea mate. Jioni palikuwa na uzi mwekundu, na kuna mtu aliyeuona kwa macho yake. Ndivyo ilivyo. Shaba ilikuwapo, mtaalamu aliithibitisha. Basi ikiwa haipo tena, kuna aliyeifunga.

Jumapili, baada ya ibada, wakaja nyumbani. Walikuwa wengi kuliko waliochimba. Walisimama nje ya ua, wamevaa nguo zao safi za kanisani, na baadhi yao walikuwa wameokota mawe. Alphonsine, aliyekuwa ametoka misa sasa hivi na bado amevaa kitambaa cha akina mama wa parokia, aliona yale mawe kabla ya kuona nyuso.

"Sema sipo," Germain alinong'ona kutoka chumbani. "Sema nimeenda Lubumbashi."

"Hawakuja juu yako," Alphonsine alijibu bila kugeuka. "Toka."

Alitoka. Hakuwa na koti wala kofia, alikuwa na fulana tu. Samy akapiga hatua moja mbele. Alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala. Gharama ya mguu wa Cédrick ilikuwa juu yake, na ya mashine ile ya maji pia.

"Papa Germain, tunakuheshimu. Tunakuuliza neno moja mbele ya Mungu. Ile majani, siku ile, ulikuwa unaijua ao haukuijua? Kama haukuijua, basi sisi ni bajinga pamoja, tunarudi nyumbani. Lakini kama uliijua, mukuba ilikuwa pale. Na kama ilikuwa pale…"

Hakumalizia. Alimtazama Alphonsine, na wote wakamtazama Alphonsine.

Yeye alimtazama mumewe. Alikuwa amewahi kuona jinsi mambo haya yanavyokwenda: kwanza maneno, halafu mawe, halafu mtu anatumwa kuleta petroli. Miaka yote ya ndoa ilikuwa imefika kwenye neno moja ambalo kijana wa miwani alilisema mara mbili bila hata kukohoa. Liseme, Germain. Liseme kwa Kifaransa kama linakuuma kwa Kiswahili.

Germain alifungua mdomo. Akatazama chini.

"Niliijua," alisema.

Mtu huko nyuma akasema "Yesu!" Na jiwe moja likagonga ukuta, bado la kujaribu tu.

Yaliyompata Alphonsine wakati ule hata padri hakuweza baadaye kumweleza. Alihisi hofu imeisha. Imeisha yote, kama debe lililopinduliwa, na palipokuwa na hofu pakabaki kitu kibaya, kikali, kilichosimama wima. Akavuka kizingiti. Akawaendea.

"Mumesikia?" alisema. "Aliijua. Muke wake njo minye, na minye njo nilifunga."

Hakuna aliyesogea.

"Nilifunga na majani mbili tu. Na nguvu ingine ningali nayo. Sasa munataka nini? Mawe? Rusheni. Nani anaanza?" Akatembeza macho juu yao, uso kwa uso, bila haraka, mpaka akafika kwa Samy. Na sauti yake ikawa ya chini, ya kirafiki, sauti ya jirani anayeuliza habari. "Papa Samy. Bibi yako anajifungua mwezi gani?"

Samy akarudi nyuma. Mtu mnene vile, alirudi nyuma mpaka akamkanyaga aliyekuwa nyuma yake. Midomo yake ilitikisika, labda alikuwa akisali, labda alikuwa akihesabu miezi. Jiwe likaanguka kutoka mkononi mwa mtu, likafuatwa na lingine.

"Bonde ni yangu," alisema Alphonsine. "Muntu asiweke muguu."

Wakaondoka. Hawakukimbia, lakini hakuna aliyekubali kuwa wa mwisho. Alphonsine alibaki uani, na aibu ikampanda moto mpaka masikioni. Kwa sababu lile swali hakuliuliza kwa ujanja tu. Kwa dakika moja, mbele ya Mungu, alikuwa amemtakia mabaya mtoto ambaye hajazaliwa.

* * *

Alilipata bonde lake. Alifukia mashimo peke yake, akainua matuta upya, na nyasi ya Bukama ikaota tena juu ya kifusi, nyekundu, nzuri, bila mtu wa kuitazama. Wachimbaji walipopita barabarani walihamia upande wa pili. Lengalenga ikatoka nene kuliko miaka yote.

Haikununuliwa. Sokoni wateja waliona mboga kutoka mbali, wakachangamka, kisha wakaona muuzaji. Padri alimwita, akamsikiliza, akamwamini. Jumapili iliyofuata benchi ya Alphonsine ilikuwa tupu kulia na tupu kushoto. Alimpelekea Mwadi mafungu machache ayauze kwenye meza yake ya samaki, wagawane.

"Minye ninajua ukweli," alisema Mwadi, bila kuyagusa. "Bateja yangu hawajui."

Basi akarudi nayo nyumbani, akaipika. Alipika vizuri, na nyanya na karanga, kama alivyozoea. Akasonga bukari, ugali wa huko, akaiweka mkekani, akaweka bakuli la lengalenga katikati, akamwita mumewe. Germain alikuja. Tangu Jumapili ile alikuwa akila mikate mikavu aliyoikopa mwenyewe dukani, akisema tumbo linamsumbua. Siku hii mikate ilikuwa imeisha.

Akanawa mikono. Akamega bukari, akaifinyanga, akaifinyanga tena, na mkono ukasimama juu ya bakuli. Alitazama mboga. Alimtazama mkewe, aliyempikia tangu siku walipooana.

"Weye onja kwanza," alisema Germain.

Alphonsine alivuta bakuli upande wake, akala peke yake mpaka likaisha.